Kompyuta Iliyozibwa Matundu Yote

Aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita asisumbuke kuliazima kwa jirani. Mambo yenyewe ni mafupi, na ni ya aibu.

Kiplangat, kijana wa Olenguruone aliyehamia Kaptembwo na kujibatiza jina la Daktari, anatibu kompyuta za watu mjini Nakuru. Flash yake huivaa shingoni kwa kamba ya buluu, vile daktari wa kweli huvaa kile kipimo cha kusikiliza mapafu. Mwezi wa Juni aliitwa katika shule moja ya bweni kwenye barabara ya kwenda Dundori, kompyuta ya ofisi ilikuwa imelemewa na virusi. Akaitibu. Kisha akaifungia dunia nje: waya wa intaneti akaung'oa, matundu ya flash akayaziba kwa selotepu, juu ya selotepu akadondosha nta ya mshumaa, na juu ya nta akabandika karatasi iliyoandikwa FLASH MARUFUKU.

Julai ilipofika, mitihani ya mock, ile ya majaribio, iliyochapwa kwenye kompyuta hiyo hiyo ikawa inatembea Kaptembwo siku nne kabla wanafunzi hawajaiona.

Aliyeichapa ni mtu mmoja tu, Nanyama, sekretari wa shule. Na Alhamisi iliyopita, mbele ya bodi ya shule, Daktari aliulizwa kama karatasi ingeweza kutoka kwenye mashine ile bila mkono wa sekretari. Alisimama, akanyoosha tai ya kuazima, akasema haiwezekani. Halafu, bila kuulizwa, akaongeza kwamba hata sisimizi hawezi kupenya.

Nanyama akapewa barua: asiguse ofisi mpaka Ijumaa, bodi itakapoamua. Ikiamua vibaya, kazi imekwisha, jina limekwisha, na nyumba ya shule anamoishi na watoto wake wawili aihame kesho yake.

Hapo ndipo tulipomwacha. Sasa tumfuate Daktari akavune alichopanda.

*

Jumatatu aliamka akiwa mtu mkubwa. Lile neno la sisimizi lilikuwa limeshuka mjini kabla yake. Mjumbe mmoja wa bodi alimsifu kwa rafiki yake Mukesh, mwenye duka la vitabu na karatasi karibu na soko, na Mukesh akapiga simu Jumanne asubuhi kusema kompyuta ya dukani imekuwa nzito, Daktari apite.

Tusimsingizie kwamba hakumfikiria Nanyama. Alimfikiria. Januari ile ya fujo za uchaguzi, mji ulipofungwa na hakuna aliyethubutu kuvuka barabara, Nanyama, wakati huo jirani yake, ndiye aliyemgawia unga, kikombe kwa kikombe, na watoto wake wakitazama. Daktari alijiambia kwamba unga ni unga na ukweli ni ukweli, akapaka viatu rangi, akaondoka.

Mukesh ni mzee wa miaka sitini na kitu, miwani yake hukaa kwenye paji la uso, na hucheka kwa mabega tu. Alimpokea Daktari kwa heshima, akamwagizia chai. Lakini Daktari alipoinama kuchomeka flash kwenye kompyuta ya kaunta, Mukesh alimshika mkono, akamwelekeza pembeni. Pale kwenye kona kulikuwa na kompyuta kuukuu, ya manjano kama jino la mzee, haijaunganishwa na kitu chochote isipokuwa umeme.

Alieleza kwamba ile ndiyo mwonjaji wake. Flash yoyote inayoingia dukani huanzia pale, iwe ya mteja, ya askofu, au ya ndugu yake mwenyewe kutoka Eldoret. Ikiwa na sumu, afe mwonjaji.

Daktari alichomwa moyo. Ilikuwa kama kumwambia daktari wa hospitali asukutue mdomo kwanza.

"Mzee Mukesh, mimi ndiye natoa virusi. Si mimi naleta."

"Hakuna aliyesema umeleta, Daktari. Weka tu."

Akaweka. Mwonjaji alipiga kelele kama kuku aliyekanyagwa, na kioo chote kikawa chekundu. Wafanyakazi wawili wa duka wakageuka. Mukesh aliteremsha miwani, akasoma polepole, mstari kwa mstari, kisha akamtazama Daktari kwa upole ulioumiza kuliko matusi.

"Tangu jana umetibu wangapi na hii sindano yako?"

Daktari alisema wanne.

"Na umeichemsha mara ngapi?"

Mfanyakazi mmoja alicheka mpaka akakalia rimu za karatasi. Daktari alijitetea kwamba hizi antivirus za kununuliwa hupenda kutisha watu ndio zionekane zina kazi. Mukesh hakubishana. Antivirus yake ilikuwa halisi, na boksi lake alilitunza kwenye kabati ya vioo pamoja na picha za harusi. Alimnakilia Daktari jina la ule ugonjwa kwenye kipande cha karatasi, akamkalisha kwenye kompyuta ya kaunta yenye intaneti, akamwambia alitafute mwenyewe.

Daktari alilitafuta. Alisoma mara moja. Akarudia.

Hakikuwa kirusi cha kuharibu. Kilikuwa mpelelezi. Kikishaingia kwenye kompyuta hukaa kimya, hakipunguzi mwendo, hakiandiki kitu kwenye kioo. Kinasubiri. Mtu akichomeka flash, kinanakili kila kilichomo, kimoja baada ya kingine, na kukificha kwenye folda ambayo mwenye kompyuta haioni. Mtu anachomoa flash yake, anashukuru, anaenda.

Chai ya Mukesh ikamgeuka mdomoni.

Kwa sababu kuna jambo moja ambalo hakuiambia bodi, na tumwamini anaposema kwamba halikuwa uwongo. Alilisahau tu, vile mtu husahau kwamba anapumua. Kompyuta ya Nanyama haikutibika kwa dawa. Ilibidi ifutwe yote, iwekwe Windows upya. Na fundi yeyote wa kazi hii anajua kwamba kabla ya kufuta, unahamisha kwanza vitu vya mwenyewe. Alihamisha kila kitu cha Nanyama kwenye flash ya shingoni, na mock ilikuwa humo, imeshachapwa yote. Halafu akagundua CD yake ya Windows ina mikwaruzo. Akarudi mbio Kaptembwo, kwenye cyber ya rafiki yake Odero, pale watu wanapolipia intaneti, kuchoma nyingine. Akachomeka flash kwenye mashine namba nne, kama kawaida yake.

Alirudi shuleni alasiri, akarudisha vitu vya Nanyama, akafuta flash. Selotepu na nta vilikuja baadaye, saa kumi na moja jioni, karatasi zikiwa zimeshafika Kaptembwo.

Alisimama, akasema amekumbuka mgonjwa mwingine. Mukesh alimsindikiza mpaka mlangoni, akampigapiga begani.

"Rudi ukipona," alimwambia.

*

Cyber ya Odero ina mashine nane, zimetenganishwa kwa mbao za plywood. Kwenye namba nne kulikuwa na jamaa mwenye kofia anatafuta picha za magari. Alimsalimia kwa furaha isiyo ya kawaida, niaje Daktari, akampisha kiti kabla hajaombwa. Daktari hakulitilia maanani. Alipaswa kulitilia.

Alifungua sehemu ya kuonyesha mafaili yaliyofichwa, jambo la kubonyeza mara tatu tu, ambalo kila siku huwaambia wateja walifanye na yeye hakuwahi kulifanya hapa. Folda ikajitokeza, rangi yake imefifia kama kitu kinachoona haya. Ndani yake kulikuwa na folda nyingine, kila moja na tarehe yake.

Wateja wake wote walikuwa humo. Wasifu wa marehemu mmoja wa Dundori, na picha zake. Barua ya mwalimu anayeomba uhamisho kwa siri. Barua ya mtu kwa mke ambaye si wake. Waswahili walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Huyu mwosha alikuwa ameanika sanda barabarani.

Akafungua ile ya Juni. Kemia, karatasi ya tatu. Kiswahili, insha. Hesabu zote mbili. Na juu ya kila moja, kwa unadhifu wake Nanyama, maneno mekundu: SIRI, ISITOKE OFISINI.

Alimwita Odero nyuma ya pazia. Alimfokea kwa sauti ya chini, ambayo ni kazi ngumu, akimwita nyoka, msaliti, mtu wa kuweka mtego kwenye nyumba ya rafiki. Odero, mtu mnene asiye na haraka, alimwacha amalize. Kisha akamkumbusha, bila hasira, habari za Aprili.

Aprili Daktari alikuja na CD. Antivirus ya bure, imevunjwa kufuli na mtu asiyejulikana, inazungushwa mjini kwa mkono. Odero alitaka kununua ile ya dukani. Daktari ndiye aliyemcheka, akamwuliza kwa nini anenepeshe wazungu na dawa iko hapa bure. Akaiweka kwenye mashine zote nane kwa mkono wake mwenyewe, akanywa soda mbili.

"Hiyo dawa ndiyo ilikuja na huyo mgeni, omera. Mimi sikuleta mtu."

Daktari aliuliza nani ameiona folda ile.

"Wote. Vijana waliipata wenyewe. Walidhani umewawekea, zawadi ya mock. Wanakuombea hata."

Mganga hajigangi, sawa. Lakini huyu alikuwa amewagawia wagonjwa ugonjwa, akapigiwa makofi, akaapa. Alikalia kreti ya soda. Alitamani kulia, na machozi yakakataa kuja.

Odero alivuta kreti nyingine. Alisema pole, kwa dhati, kisha akampa hesabu ya mtu mzima.

"Ukifungua mdomo, kwanza polisi wanabeba mashine zangu nane. Pili wanakubeba wewe. Yule mama ni typist mzuri, atapata kazi kwingine. Futa hiyo namba nne tuishi."

Msifikiri Daktari alisimama akaondoka kwa hasira, kama mtu wa haki. Alichukua CD ya Windows kwenye mkoba wake, akarudi namba nne.

Alijipa sababu nzuri. Mpelelezi lazima aondolewe, daktari yeyote angefanya hivyo. Kila dakika anayokaa, anaiba vya mtu mwingine. Yote hayo yalikuwa kweli. Ila alijua pia kwamba ile folda ya Juni, na tarehe yake, na saa yake, ilikuwa kitu pekee duniani kinachoweza kusema Nanyama hakuuza.

Mashine ilimwuliza kama ana hakika, kwamba kila kitu kitapotea.

Akabonyeza.

Mstari wa manjano ukaanza kutambaa kwenye kioo. Ulipofika kati alinyoosha mkono kuuchomoa umeme, kisha akaurudisha magotini. Kati ya watu wote waliokuwa Kaptembwo saa ile, yeye ndiye aliyejua vizuri zaidi kwamba ni bure, imeshakwenda.

*

Jumatano asubuhi alipanda kwenda shuleni na baridi ya Julai ikimkata masikio. Malori ya viazi yalikuwa yakiteremka kutoka Dundori. Flash hakuivaa.

Nanyama alikuwa ameanza kufunga sufuria kwenye gunia, ingawa bodi haijakaa. Alipomwona mlangoni uso wake ulifunguka. Alimkaribisha, akamwondolea nguo kwenye kiti, akamtilia chai. Alimwambia asione haya kwa alichosema mbele ya bodi. Alisema alichojua, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kusema anachojua. Alimwuliza kama amekula.

Angemtukana, ingekuwa nafuu.

Daktari alimweleza yote akitazama kikombe. Mwonjaji wa Mukesh, CD ya Aprili, namba nne, folda. Alisema kila kitu mpaka akafika kwenye mstari wa manjano, na hapo akanyamaza. Nanyama alishika kiti, akakaa. Machozi yalimtoka, lakini alikuwa anatabasamu.

"Kwa hivyo kuna pahali imeandikwa. Ndugu yangu, Mungu akubariki. Hiyo kompyuta iko wapi?"

"Iko kwa Odero."

"Twende tuilete. Madam Prinsipo aione na macho yake."

"Dada, nimeifuta."

Nanyama hakuelewa kwanza. Alimwuliza lini. Akasema jana. Alimwuliza kama ilikuwa kabla ya kujua.

"Baada ya kujua," alisema Daktari.

Nje watoto walikuwa wakikimbiza gurudumu. Nanyama alijipangusa uso kwa upindo wa leso, polepole, upande huu, kisha upande huu. Aliposema, sauti yake ilikuwa ile ya ofisini, ya kusomea watu barua.

"Basi umekuja na mdomo peke yake. Na mdomo wako wa Alhamisi uko kwenye minutes za kikao. Nilichapiwa nakala."

Alichukua sweta msumarini, akamwambia wanaenda kwa Prinsipo, mkuu wa shule, na kwamba atayarudia yote, kuanzia Aprili.

Njiani Daktari alimsihi. Alimwambia kuna neno moja tu la kusema: aseme hakujua kwamba zile karatasi zilitoka kwenye kompyuta zikaingia kwenye flash. Akisema hakujua, lawama yote inahamia kwake fundi, na yeye Nanyama atabaki na kazi na nyumba. Nanyama alitembea mbele yake na hakugeuka.

*

Prinsipo wa shule ile ni Madam Wamaitha, mwanamke mfupi wa kuandika kila kitu. Alimsikiliza Daktari mpaka mwisho, kalamu ikikimbia. Kisha akaweka nukta, akauliza ushahidi uko wapi. Daktari akasema aliufuta. Akauliza kama huyo Odero atakuja kusema. Daktari akasema hatakuja.

"Alhamisi hata sisimizi hawezi kupenya. Leo sisimizi ni wewe?"

"Ndiyo, Madam."

"Ni kweli huyu mama alikulisha Januari?"

Daktari alishtuka. Akasema ni kweli, alimgawia unga.

"Basi bodi itasema unalipa unga." Hakuwa anamdhihaki; alikuwa anamweleza, kama mwalimu. "Ungekuja na maneno haya Alhamisi, ningeyabeba mimi mwenyewe. Leo yananuka huruma."

Kumbe ukweli nao huchacha. Daktari alikuwa amejiandaa kwa aibu ya kuaminiwa. Hakuwa amejiandaa kwa aibu hii, ya kukiri makosa yako yote na kuonekana mtu mwema anayedanganya.

Madam Wamaitha alifungua ukurasa mpya, akamgeukia Nanyama. Alisema bado kuna swali moja, na hili halihitaji kompyuta. Sheria ya shule ni kwamba karatasi ya mtihani haitoki ofisini bila sahihi yake.

"Siku ile ya Juni. Ulijua ametoka nazo?"

Daktari alitazama sakafu. Hakuwa mtu wa maombi, lakini aliomba. Sema hapana. Neno fupi. Sema hapana, dada, ili mimi nibebe kitu nilichokifanya mwenyewe.

"Nilijua, Madam," alisema Nanyama. "Nilikuwa nimesimama hapo akihamisha. Nilimwuliza kama ziko salama, akanionyesha kifuani. Sikumwuliza anaenda nazo wapi. Sheria naijua. Ni mimi niliichapa."

Kalamu ilisimama. Kengele ya saa nne ikalia, madarasa yakamwagika nje, kelele zikapita chini ya dirisha na kuisha. Madam Wamaitha alikuwa bado anamtazama sekretari wake.

"Umesikia, Daktari?" alisema mwishowe. "Hivyo ndivyo mtu husema kitu mara ya kwanza."

Alitoa kwenye droo fomu ya ripoti ya Ijumaa, akailaza mezani, akaigeuza iwatazame. Katikati palikuwa na mstari mtupu, na kabla ya mstari maneno: Aliyehusika na kutoka kwa mitihani.

Aliwaambia ana nafasi ya jina moja, bodi haisomi mawili. Hatachagua yeye. Anayejua kwamba jina ni lake abaki kwenye kiti. Mwingine atoke nje, afunge mlango.

Kiplangat alishika kiti kwa mikono miwili, chini, mahali ambapo hakuna anayeona. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi miguu yake haikutaka kwenda popote. Akasubiri kiti cha pili kilie kikisukumwa nyuma.

Hakikulia.